Dakika Moja Kusini mwa Uwanja

Nikimsikia mtu mwingine hapa Butiama akisema mume wangu aliangushwa na mashine, nitamjibu vibaya, hata awe katekista. Mashine haikumwangusha. Injini ilinguruma vizuri mpaka alipoizima mwenyewe, na ile GPS aliyoifunga pajani ilimpeleka palepale ilipoambiwa impeleke. Aliyeiambia uongo ni mtu, tena mtu niliyembeba mgongoni akiwa mdogo, nikamfuta kamasi kwa kanga yangu.

Mume wangu anaitwa Makongoro. Ukipita barabarani utaona kibanda chake cha kuchomelea mageti na madirisha, na huyo ndiye ninayemzungumzia, si mtaalamu wa kuhojiwa redioni. Ujanani alivua misimu miwili kwenye mtumbwi wa baba yangu kule Kibara. Ndiko tulikokutana, yeye Mzanaki asiyejua kuogelea, mimi binti wa mwalo, wa pale mitumbwi inaposhushia samaki, niliyekuwa nikimcheka. Baadaye akapata kazi kwenye karakana ya ndege ndogo za watalii. Alianza kwa kufagia, akaja kukaza nati, akaishia kujifunza urubani kwa mshahara wake mwenyewe mpaka akapewa leseni. Baada ya miaka kumi na moja karakana ikafungwa, akarudi nyumbani na begi la nguo, boksi la spana, na bomba la plastiki lenye michoro ndani yake.

Michoro ile ilikuwa ya ndege. Ya mtu mmoja, ya kujitengenezea.

Aliijenga uani, mahali nilipokuwa naanika mihogo. Miaka minane. Naitaja hiyo miaka kwa sababu wanaocheka wanapenda kusema alikuwa anachezea bati. Mimi ndiye niliyeshika upande wa pili wa kila ribiti, yeye akigonga upande huu, na mpaka leo sikio langu la kushoto linavuma. Idadi ya mbavu za bawa la kulia naijua kama ninavyojua idadi ya wanangu. Wapo waliokuja kwa baiskeli kutoka Suguti kumwangalia mwendawazimu. Jirani yetu Shida alikuwa akipita getini anauliza kama ndege imetaga. Siku moja nilimmwagia maji ya kuoshea vyombo, na sijutii.

Ilipokamilika haikuwa na dashibodi ya kujivunia. Saa ya kasi, saa ya kimo, dira, basi. Njia alionyeshwa na GPS ya mkononi, ile ya vitufe vya mpira, sawasawa na zile wanazotumia wavuvi. Aliifunga pajani kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, betri za akiba akaziweka mfukoni mwa shati. Jioni moja alinionyesha inavyofanya kazi.

"Hii kitu haionagi chochote, Mama Recho," aliniambia. "Inakumbukaga tu kile umeiambia. Ukiiambia hapa ni nyumbani, inakuonyesha mshale na kilomita zimebaki ngapi. Ukiiambia shimo ni nyumbani, itakupeleka kwenye shimo."

Aliyasema hayo kwa mdomo wake mwenyewe. Nikiyakumbuka natamani kurusha kitu.

Wakubwa wa anga walimpa kibali cha majaribio: aruke saa arobaini kwa kuzungukazunguka hapahapa, asiende mbali. Alizimaliza zote bila mkwaruzo. Likabaki jambo moja. Mkaguzi, mama mmoja mtaratibu aitwaye Hilda, alitaka amwone akiruka mpaka uwanja ambao hajawahi kutua, atue, kisha arudi. Akifanikiwa, ndege inapata kibali cha kudumu. Akiiharibu kwa kosa lake mwenyewe, faili linafungwa na ndege inabaki kuwa bati kweli. Hilda aliyaeleza hayo kibarazani kwetu, polepole, akatufanya tuyarudie kama watoto wa kipaimara. Uwanja uliochaguliwa ulikuwa malisho tambarare ya Kibara, karibu na maji, kwetu kabisa. Nilifurahi kama mjinga.

Makongoro alipaswa kwenda Kibara mwenyewe, asimame katikati ya yale malisho na kuweka alama ya uwanja kwenye GPS yake. Ni safari ya basi tu, unapita Bunda, unafika. Lakini breki ya gurudumu la kushoto ilikuwa inamsumbua, akaona asipoteze siku. Akaitia GPS kwenye soksi, soksi akampa kondakta, ikaenda kwa mdogo wangu Chrispin, ambaye ndiye mwenye mtumbwi wa baba sasa.

"Chrispin ametumia hizi vitu miaka ishirini," alisema. "Atakosea nini?"

Miaka minane mtu hamwachii hata mwanawe ashike drili, halafu uwanja wa kutua anaukabidhi kwa kondakta. Na mimi nilinyamaza. Hilo ni kosa langu, nalo linanikasirisha kama mengine.

Sasa niseme jambo ambalo watu wa mwalo hawapendi lisemwe. La mtumbwi wetu halina siri tena, na mtaona kwa nini. Mvuvi wa kwetu akitega nyavu za sangara huziacha ziwani mpaka asubuhi, na wezi wanalijua hilo. Wakivamia mtumbwi wanachukua injini na GPS, na mwenye GPS yako anazo nyavu zako zote, maana alama zake zimo humo. Kwa hiyo baba alianzisha utaratibu wake. Ukishaweka alama ya wavu, unaingia kwenye namba na kuisogeza dakika moja kusini. Si dakika za saa, ni vipimo vya ramani, na moja ni karibu kilomita mbili. Mwizi akifuata mshale anakuta maji matupu, anatukana, anaondoka. Wenye mtumbwi wanajua warudi moja kaskazini. Kila mtumbwi una usogezaji wake, mwingine mashariki, mwingine mbili kaskazini, na mtu hausemi hata akilewa. Wa baba ulikuwa moja kusini. Nimeolewa nikiujua. Makongoro naye aliutumia misimu ile miwili.

Siku ya kuruka ilikuwa Septemba, mwezi wa kuchoma mashina ya pamba. Kuanzia Bunda mpaka Kibara kila shamba lilikuwa linafuka. Mimi na Hilda tulitangulia kwa gari lake. Chrispin alikuwa akitusubiri uwanjani, amefukuza ng'ombe, amevaa shati la Jumapili. Alikuwa anacheka. Alikuwa amewaambia watu wote wa mwalo kwamba shemeji yake anakuja kwa ndege, na kwamba yeye ndiye aliyemwekea njia.

Saa nne na nusu tukaisikia injini. Sauti yake siwezi kuikosea, nimeisikia ikijifunza kuwaka uani kwangu. Ilitoka upande wa Bunda, ikakua, ikapita juu ya vichwa vyetu ndani ya moshi. Hatukuona hata ncha ya bawa. Ikaendelea kuelekea ziwani, na ilikuwa inashuka.

Nikamgeukia Chrispin. Alikuwa ameweka mikono kichwani.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo. "Nimesogeza."

"Umesogeza nini?"

"Alama. Mkono wenyewe umezoea, dada. Nilisimama hapa katikati, nikaweka vizuri, halafu nikapeleka moja kusini. Sikufikiria hata. Tunafanyaga hivyo kila siku."

Moja kusini ya pale tulipokuwa tumesimama ni maji ya Ghuba ya Speke, na mume wangu hajui kuogelea mpaka leo. Nilimzaba kofi. Mwanaume wa miaka arobaini na moja, baba wa watoto watano, nilimzaba kofi mbele ya ng'ombe, na ningeongeza la pili kama masikio yangu yasingekuwa ziwani. Hilda alikuwa kwenye gari lake, hatua hamsini kutoka kwetu, anaandika muda. Hakusikia neno.

Makongoro alinieleza baadaye. Mshale ulimwambia zimebaki mita mia tatu, akashuka akitegemea kuona majani ya uwanja. Akaona mawimbi chini ya magurudumu, na ukingo hakuuona popote. Akavuta juu, akaacha kuiangalia GPS, akageuka kaskazini kwa dira. Alipotoka tena juu ya nchi kavu, uwanja alikuwa ameukosa kwa upande na moshi ulikuwa mzito zaidi. Likatokea shamba lililong'olewa pamba. Akaona heri hilo kuliko kuzunguka tena bila kuona, akazima injini, akashuka. Matuta yakakata mguu wa gurudumu, pua ikachimba ardhi, propela ikavunjika vipande vitatu.

Tulikimbia kufuata mahali sauti ilipokatikia. Chrispin na mimi tulifika kwanza. Makongoro alikuwa amekaa chini kando ya bawa, ameshika bega la kulia, mtulinga umevunjika, uso wote vumbi. Sikujua nilie au nitukane, nikafanya vyote viwili. Yeye hakuniangalia. Alimwangalia mdogo wangu.

"Shemeji, ulisogeza?"

Chrispin akatikisa kichwa kukubali.

"Basi. Nyamaza."

Hivyo tu. Hilda alipofika anahema, wanaume wawili walikuwa wameshamaliza kikao chao. Mimi niliyeshika ribiti miaka minane sikuulizwa kitu. Nilielewa walichokuwa wanalinda. Chrispin akisema alisogeza, lazima aseme kwa nini na kwa kiasi gani, na siku hiyohiyo nyavu zake zote zitakuwa wazi kwa wezi waliompora GPS mwezi uliopita, maana alama wanazo na yeye hutega palepale. Ndani ya mtumbwi ule kuna watu sita wanaokula. Nilielewa vizuri. Sikukubali.

Alhamisi Hilda alikuja Butiama kuchukua maelezo. Chrispin naye aliitwa, akaja. Asubuhi hiyo ndege ilikuwa imeletwa na Gody, dereva wa Fuso anayebeba dagaa kutoka mialo yote ya upande wa Kibara. Aliishusha vipande vipande uani, bawa likinuka dagaa, kisha akaegemea geti akisubiri chakula na kusikiliza. Shida naye alikuwepo. Angekosaje?

Hilda aliwasha ile GPS, akaiweka juu ya meza.

"Hii alama ya Kibara iko majini," alisema. "Nani aliiweka?"

"Mimi," Chrispin akajibu. "Nilisimama uwanjani kabisa, mama, katikati."

"Sasa imefikaje majini?"

Chrispin aliangalia getini, akamwona Gody, akaangalia miguu yake. Makongoro, mkono wake umefungwa kifuani kwa kitambaa cha hospitali, akakohoa.

"Andika kosa ni la rubani, mama."

"Baba Recho, nikiandika hivyo ndiyo mwisho. Faili linafungwa. Kama kuna mtu alikupa taarifa isiyo sahihi na wewe hukuwa na namna ya kujua, hilo ni jambo lingine. Naweza kuandika ndege itengenezwe na ujaribu tena. Ndiyo maana nauliza."

"Nimekusikia. Andika la rubani."

Hilda akachukua kalamu. Niliiona ile kalamu ikigusa karatasi, nikaiona mikono yangu ilivyokuwa myekundu kwa vipele vya nyuzi za kioo nilizosugua mwaka mzima kwa ajili ya ile pua ya ndege, nikamwona Shida ametabasamu. Nilisimama, kiti kikaanguka.

"Alisogeza!" nilisema, na kusema ni neno dogo, nilipiga kelele. "Mdogo wangu alisogeza hiyo alama! Wanasogezaga zote, za nyavu, dakika moja kusini, ili wezi wasione. Baba ndiye aliwafundisha. Huyu akasogeza na uwanja wa ndege, kwa sababu mkono wake hauna akili, na sasa mmekaa hapa mnatunziana siri kama wasichana wa bweni! Mume wangu angekufa majini! Andika hivyo, mama. Andika dakika moja kusini!"

Gody aliacha kuegemea geti.

Hilda hakuandika. Alimgeukia Makongoro.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na wewe, ulikuwa unaujua utaratibu huu? Kabla ya kuruka?"

Nilimwangalia mume wangu. Neno moja tu lilitakiwa. Alikuwa amevua misimu miwili, tena zamani, nani angemfuatilia? Nilimwambia kwa macho, kwa kidevu, kwa mwili mzima: sema hapana. Siri nilikuwa nimeshaitoa mimi, dhambi nilikuwa nimeshaibeba mimi, yeye alitakiwa kupokea tu.

"Nilijua," alisema. "Nilivuaga nao. Nilikuwaga nasogeza mimi mwenyewe kwa mkono huu. Nikafikiri kiwanja siyo wavu, sikuuliza. Na hata kama sikujua, mama, rubani analinganishaga namba na ramani kabla hajaruka. Ni kazi ya dakika tano. Ramani ilikuwa ukutani. Sikuangalia."

Hilda akainamia karatasi. Aliandika mistari mitatu, akamgeuzia karatasi, naye akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda kombo. Hilda alimwambia pole. Aliniambia na mimi pole. Niliinama nikaokota kiti changu.

Chrispin alisimama. Nilikuwa nimepika kuku tangu asubuhi, maana mgeni ni mgeni hata kama umemzaba kofi. Hakugusa chakula wala hakunawa mikono.

"Umeridhika, dada?" aliniuliza.

Akatoka kutafuta bodaboda ya kumfikisha Bunda. Gody alikuwa ameshawasha Fuso. Hakusubiri kula wala hakuomba soda, na huyo ni mtu ambaye sijawahi kumwona akiacha soda. Kila mwalo anaopakia dagaa ana marafiki, na kila rafiki ana masikio. Nilisimama getini nikaiangalia ile Fuso ikiondoka mbele ya mdogo wangu, nikajua nimefanya nini.

Jumamosi asubuhi Nyangi, mke wa Chrispin, alinipigia simu. Hakunisalimu. Alisema walikuwa wameanza kuhamisha nyavu tangu Ijumaa, wakamaliza nusu. Nusu nyingine wamekuta kamba zimekatwa na maboya yanaelea yenyewe. Vipande arobaini vya nyavu vimekwenda. Akasema Chrispin amekaa mwaloni hasemi na mtu. Kisha akakata simu kabla sijafungua mdomo.

Mchana nilisonga ugali, nikachemsha sato. Makongoro hawezi kumega kwa mkono wa kulia, na wa kushoto hataki kuutia kwenye chakula, alilelewa hivyo. Kwa hiyo namlisha. Uani bawa lilikuwa bado limelala kwenye mihogo yangu, inzi wakilizunguka kwa harufu ya dagaa. Nilikuwa namlisha kwa hasira, matonge makubwa makubwa, hajamaliza moja nampa lingine.

"Neno moja," nilimwambia. "Hapana. Linakushinda nini? Ungesema hapana, leo tungekuwa tunanyoosha hilo bawa. Miaka minane, Baba Recho! Miaka minane na sikio langu! Halafu unajifanya padri mbele ya mwanamke ambaye hata hatutamwona tena!"

Alitafuna mpaka akamaliza.

"Ingekuwa uongo."

"Uongo! Na nyavu za Chrispin je? Watu sita wale wanakula ukweli wako?"

Aliniangalia. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kama angenipiga.

"Za Chrispin siyo mimi nilizisema," alisema.

Nilikuwa nimeshika tonge mkononi. Nililishika mpaka likaanza kupoa. Halafu nikalichovya kwenye mchuzi, nikampa, kwa sababu alikuwa bado ana njaa.